Mtoto wa kuasili na fungu lake la urithi

Mzazi, tuseme umeasili mtoto wa kiume, kisha baada ya miaka michache ukajaliwa wako wa kumzaa. Mali utaigawaje?

Sheria ya jadi ya Wahindu nchini India ilikuwa na jibu. Aliyeasiliwa alipoteza haki ya kurithi kwa waliomzaa, akawa mwana kamili wa nyumba mpya. Lakini akizaliwa mtoto wa damu, fungu lake lilipungua: Bengal alipata theluthi moja ya mali, Madras sehemu moja kati ya tano.

Mwaka 1956 sheria mpya ziliondoa tofauti hiyo, na mabinti nao wakaruhusiwa kuasiliwa. Kwa mtoto, fungu pungufu si hesabu tu. Humwambia kama yeye ni wa nyumbani au ni mgeni.