Kusogeza Mipaka ya Diski Iliyofungwa

Ndugu msomaji, bila shaka wajua kwamba diski ya kompyuta yaweza kugawanywa sehemu mbalimbali kama shamba. Katika Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, sehemu hizo zaweza pia kufungwa kwa nenosiri, kwa njia iitwayo LUKS. Mimi naipenda njia hiyo kwa kompyuta yenye alama za mitihani ya wenzetu, maana mwizi akiichukua ikiwa imezimwa hapati kusoma hata neno moja. Lakini mgawanyo usipofaa, je, twaweza kuubadili bila hasara? Twaweza, tukifuata utaratibu.

Fikiri shamba la mahindi hapa Kisaki lililozungushiwa ua. Ukitaka kulipunguza, sharti uvune kwanza mahindi ya pembeni, ndipo usogeze ua ndani. Ukitaka kulipanua, wasogeza ua kwanza, ndipo upande. Asogezaye ua kabla ya kuvuna huwaachia nguruwe mahindi yake. Diski nayo ni vivyo hivyo: mahindi ni mfumo wa mafaili, na ua ni mpaka wa sehemu.

Tuseme sehemu ya gigabaiti 400 yatakiwa iwe 300, na mafaili yenyewe hayajafika 280.

Kwanza, weka nakala ya mafaili katika diski nyingine, pamoja na nakala ya kichwa cha LUKS. Kichwa hicho hukaa mwanzoni mwa sehemu na ndicho kinachotunza ufunguo. Kikiharibika, hata nenosiri sahihi halifai kitu.

Pili, washa kompyuta kwa Linux iliyo katika flashi, kwani mfumo wa ext4 haupunguzwi ungali ukitumika.

Tatu, fungua kufuli, kagua mfumo kwa amri ya e2fsck, kisha uupunguze hadi 280 kwa resize2fs.

Nne, funga kufuli, usogeze mpaka wa mwisho hadi 300. Mpaka wa mwanzo usiuguse kamwe.

Tano, fungua tena, uendeshe resize2fs pasipo kutaja kipimo, ili ijaze nafasi iliyobaki. Zile 20 za akiba zatukinga na makosa ya hesabu, kwa kuwa kichwa nacho chala nafasi.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mafaili yaweza kuharibika. Basi hakikisha betri imejaa. Saa moja ya kuweka nakala si kitu mbele ya alama za muhula mzima.