Kabla ya Kuilaumu Tezi ya Shingo

Mtu akiamka amechoka kila siku, uzito ukapanda ilhali chakula ni kilekile, nywele zikabaki kwenye kitana na baridi ikamsumbua mchana wa jua, siku hizi hakosi wa kumwambia, "Hiyo ni thairoidi." Huenda ni kweli. Tezi hii iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, hutoa homoni zinazopanga kasi ya karibu kila kiungo: mapigo ya moyo, joto la mwili, choo, hedhi, hata wepesi wa kufikiri. Ikizembea, vyote hupooza. Lakini ugonjwa unaogusa kila kiungo haukosi kufanana na magonjwa mengine mengi. Kwa hiyo dalili zinampa mgonjwa haki ya kupimwa. Hazimpi haki ya kujitibu, wala hazimpi daktari haki ya kumpuuza.

Ushahidi wa jambo hili upo. Mwaka 1995, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, watu zaidi ya 25,000 waliohudhuria maonyesho ya afya walipimwa damu na kuulizwa wanavyojisikia. Wenye upungufu wa homoni za tezi walitaja dalili nyingi zaidi kuliko wenzao, lakini hakuna dalili moja iliyotosha kumtambulisha mgonjwa. Wazima nao huchoka, hukaukwa ngozi na kufunga choo. Huku kwetu orodha ya washukiwa ni ndefu: upungufu wa damu, kisukari, mimba changa, sonona, kukaribia kukoma hedhi, au kukosa usingizi tu. Kinachoongeza uzito wa shaka ni dalili kadhaa mpya kuja pamoja, hasa sauti ikianza kukwaruza, uso ukivimba na mapigo ya moyo yakipungua. Shaka huzidi kwa mwenye rovu, mwenye ndugu wa damu aliyeugua tezi, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa tezi, au anayetumia dawa ya lithiamu. Daktari makini atagonga kwa kinyundo mshipa ulio nyuma ya kifundo cha mguu: kwa mgonjwa, unyayo huruka kama kawaida, kisha hurudi mahali pake polepole, kama unaosita. Hata hivyo neno la mwisho hutoka maabara.

Kipimo cha kwanza ni TSH, homoni inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo kuihimiza tezi ya shingo ifanye kazi. Tezi ya shingo ikilegea, pituitari hupaza sauti na TSH hupanda, mara nyingi kabla homoni yenyewe, T4, haijashuka. Maabara nyingi huhesabu TSH ya kati ya takribani 0.4 na 4 kuwa ya kawaida. TSH ikiwa juu na T4 ikiwa chini, shaka imethibitika. Pamoja na hayo, kipimo nacho huweza kupotoshwa. Vidonge vya biotini, vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, huvuruga baadhi ya mashine za maabara, na ugonjwa mkali wa muda, kwa mfano nimonia, huyumbisha majibu. Na kuna mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua, kisha maziwa yakakosa kutoka na hedhi isirudi. Huenda pituitari yake ndiyo iliyoumia, na TSH ikasomeka kawaida ilhali homoni zimekwisha. Huyo lazima apimwe T4 pia, na historia hiyo asipoisema mwenyewe, karatasi ya maabara haitaisema.

Wengi huangukia katikati: TSH imepanda kidogo, T4 iko sawa. Hapo ndipo kishawishi cha kuandika dawa haraka kinapokuwa kikubwa, na ndipo subira ina faida. Mipaka ya kawaida hukokotolewa kutokana na watu wazima wa afya, na wachache kati yao daima huwa nje ya mstari bila ugonjwa wowote. TSH pia hupanda kadiri umri unavyosonga, na iliyopanda kidogo mara nyingi hushuka yenyewe ikipimwa tena baada ya miezi miwili au mitatu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wazee 737 wa Ulaya wenye hali hiyo, ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja waliopewa dawa hawakujisikia nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo hayo hayamhusu mama mjamzito wala mwenye TSH iliyopanda sana. Hao hawapaswi kungojeshwa.

Wapo watakaosema vipimo ni ghali na havipatikani kila zahanati. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuanza na TSH pamoja na wingi wa damu na sukari, badala ya kununua kifurushi kizima cha vipimo vya tezi. Wengine watasema iodini inatosha. Upungufu wa iodini umeleta rovu kwa vizazi, hasa nyanda za juu, na sheria za kutia iodini kwenye chumvi zimesaidia sana. Lakini kwenye kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti walikuta rovu limejaa kaskazini kuliko kusini magharibi ilhali iodini ilikuwa haba pande zote. Mihogo nayo ilikuwa na mkono wake. Isitoshe, kwa anayekula chumvi yenye iodini, kisababishi kikuu cha tezi kuzembea ni kinga ya mwili kuishambulia, hali aliyoieleza daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Hiyo haiponi kwa iodini. Iodini ya kupita kiasi, hata ya unga wa mwani, huweza kuizidisha. Na aliyepimwa akaambiwa yuko sawa hajaitwa mwongo. Amejibiwa swali moja tu, na uchovu wake bado unadai jibu.

Ugonjwa ukithibitika, tiba ipo. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mgonjwa wake maji ya tezi ya kondoo, na mama huyo akaishi miaka 28 zaidi. Leo ni kidonge cha levothairoksini, kinachomezwa kwa maji kabla ya chai ya asubuhi, mbali na vidonge vya madini ya chuma, na damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Kwa wengi ni dawa ya maisha. Kwa hiyo mgonjwa adai nakala ya majibu yenye namba na mipaka ya maabara, aitunze, na aulize kila namba ina maana gani kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.