Mwalimu Anayetaka Kuwa Mwanasaikolojia wa Shule Aanzie Wapi?

Mwalimu yeyote aliyefundisha Bura miaka michache amekutana na mtoto wa aina hii. Alikuwa akisoma vizuri hadi Mto Tana ulipovunja kingo zake. Familia ikahamia kambini, na shule ilipofunguliwa akarudi akiwa mwingine: haandiki, hajibu, anaangalia mlangoni tu. Mwalimu mmoja anasema ni uvivu. Mwingine anasema amedekezwa nyumbani. Jirani naye ana lake la majini. Huenda mtoto ana hofu iliyobaki tangu mafuriko. Huenda pia hasikii vizuri sikio moja, au aliugua malaria kali akiwa kambini, au amefika darasa la nne ambapo masomo hufundishwa kwa Kiingereza ilhali nyumbani ni Kiorma au Kipokomo kitupu.

Kutofautisha mambo haya ndiyo kazi ya mwanasaikolojia wa shule. Humpima mtoto uwezo wa kujifunza, humtazama akiwa darasani, huzungumza na wazazi, kisha huwaambia walimu cha kufanya. Kazi hii ni ya zamani huko ng'ambo. Baraza la London liliajiri mwanasaikolojia wake wa kwanza wa shule, Cyril Burt, mwaka 1913, na siku hizi anayetaka kazi hiyo Uingereza husoma hadi shahada ya uzamivu.

Hapa Kenya kazi hiyo imegawanywa mikononi mwa watu kadhaa. Shuleni yupo mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye mara nyingi ana vipindi vyake vya kawaida na hupata nafasi ya kumsikiliza mwanafunzi jioni tu. Vipo vituo vya upimaji na nyenzo za elimu, maarufu kama EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984 kuwapima watoto wenye mahitaji maalum. Hospitalini kuna wahudumu wa afya ya akili. Mzigo wa shule uliongezeka viboko vilipopigwa marufuku mwaka 2001, marufuku ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliitilia mkazo. Fimbo iliondoka, lakini walimu wengi waliachwa waendelee bila mafunzo ya kutosha ya kitu cha kushika mahali pake.

Kwa mwalimu wa Bura, Hola au Garsen anayeitaka taaluma hii, hatua ya kwanza ni shahada ya kwanza, iwe ya ualimu au ya saikolojia. Chuo Kikuu cha Garissa na Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi hufundisha ualimu, na ndivyo vilivyo karibu. Mwenye shahada ya ualimu tayari ana faida, kwa kuwa anajua darasa lilivyo.

Baada ya hapo ni uzamili, na hapa ndipo watu hupotea njia. Majina ya kozi hufanana lakini kazi ni tofauti. Uzamili wa saikolojia ya elimu humfundisha mtu jinsi watoto wanavyokua na kujifunza, na jinsi ya kuwapima. Uzamili wa ushauri nasaha humfundisha kuzungumza na mtu mwenye dhiki na kumsaidia kutoka humo. Ule wa mahitaji maalum hujikita katika kuwafundisha watoto wenye ulemavu. Saikolojia ya tiba ni ya wale wanaotaka kufanya kazi hospitalini zaidi. Anayelenga shule achague ule wa kwanza au wa pili, na kabla ya kulipa karo aulize kama kozi ina mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi. Cheti kisicho na vitendo hakitamsaidia siku atakapokaa uso kwa uso na mtoto aliyemwona mzazi wake akisombwa na maji.

Chuo Kikuu cha Kenyatta, Moi kule Eldoret na Egerton kule Njoro vyote vina idara zinazohusika na fani hizi. Kwenye karatasi uzamili ni miaka miwili. Wengi hukwama kwenye tasnifu, hasa walio kazini, kwani utafiti huhitaji kibali cha NACOSTI, safari na subira. Mwalimu wa Tana River ana sababu nzuri ya kufanyia utafiti wake nyumbani: watoto wa wafugaji wanaohama, watoto waliopitia mafuriko ya 2023 na 2024, na watoto wanaokutana na lugha tatu kabla ya kufikisha miaka kumi.

Suala la lugha si dogo. Vipimo vingi vya akili vilitungwa Ulaya na Marekani, na mtoto wa Bura akifeli swali kuhusu theluji hatujajua lolote juu ya akili yake. Jirani zetu wa Kilifi wametangulia hapo. Watafiti wa KEMRI, akiwemo Profesa Amina Abubakar, walitengeneza kipimo cha ukuaji wa watoto wachanga kinachotumia vitu ambavyo watoto wa Pwani wanavijua. Kilifi hiyohiyo imeonyesha pia kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria ya ubongo hubaki na matatizo ya kumbukumbu, lugha au umakini. Mwalimu asiyejua hilo atamwita mtoto huyo mzembe.

Anayetaka kufungua kazi ya ushauri au saikolojia anatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014. Kwa hiyo ni vyema kuhakikisha mapema kwamba kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Kuhusu fedha, HELB hutoa mikopo ya uzamili. Walimu walioajiriwa na TSC wanaweza kuomba likizo ya masomo, lakini wasiache kazi kabla ya jibu la maandishi. Basari za wadi na za NG-CDF huwalenga zaidi wanafunzi wa sekondari na vyuo, basi mwombaji wa uzamili aulize kwanza kabla ya kuzitegemea.

Wakazi huuliza kwa nini kaunti haiajiri wanasaikolojia hawa na kuwapeleka shuleni moja kwa moja. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, kaunti inasimamia elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na huduma za afya za kaunti. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya Serikali ya Kitaifa, na walimu wake huajiriwa na TSC.

Mzazi ambaye mtoto wake amebadilika ghafla aanze kwa mwalimu wa darasa, kisha aombe kuelekezwa EARC kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Aende na kadi ya kliniki ya mtoto, na aseme bila kuficha kama mtoto aliwahi kupata degedege au malaria kali.