Nani Amwambie Dereva?

Dereva wa matatu analipita lori kwenye kona, barabara ya Nakuru. Abiria wameshikilia viti vya mbele, kimya. Kila mmoja anamtazama jirani yake, anamwona ametulia, basi anadhani hofu ni yake peke yake. Mimi huo siuiti ujinga, maana watu hao hao nyumbani hawanyamazishwi na yeyote.

Mwanasaikolojia Solomon Asch alilipima jambo hili Marekani miaka ya 1950. Aliwaonyesha vijana wa chuo mstari mmoja, kisha mitatu, wataje unaolingana nao kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi, ila wenzao chumbani walikuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo kwa sauti moja. Takriban robo tatu ya vijana waliufuata uongo huo walau mara moja. Alipomweka mtu mmoja tu wa kusema kweli, wengi walipata ujasiri.

Watafiti James Habyarimana na William Jack walibandika stika ndani ya matatu za Kenya, zikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Matokeo yao ya 2011 yananifurahisha hadi leo: madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Barabara zile zile, abiria wale wale! Nadhani stika ilikuwa ndiye yule msema kweli wa Asch. Imeshasema, kwa hiyo anayepaza sauti, "Dere, punguza mwendo!" haonekani mkorofi, na mama wa kiti cha nyuma anadakia.

Natamani kila sacco ya matatu ibandike stika hizo, maandishi makubwa, usawa wa macho ya abiria.