Kitenzi *exceed* na Visawe Vyake katika Kiswahili cha Sheria

Tangu Bunge lilipopitisha jijini Dodoma, mwaka 2021, marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, tafsiri ya *exceed* imedai uangalifu. Kuhusu kiasi, kisawe chake ni *-zidi*: “faini isiyozidi shilingi milioni moja” hujumuisha milioni yenyewe, ilhali “chini ya shilingi milioni moja” huiacha nje. Kauli ya kutendesha ina uzito mwingine: “kiwango kilizidi” haimtaji mtenda, bali “alizidisha kiwango” humbebesha dhima. Kuhusu madaraka, *-zidi* haitoshi. Ofisa “huvuka mipaka ya mamlaka yake”. Mfasiri asipotofautisha miktadha hii, hubadili adhabu, au mwenye kuistahili.