Kabla Hujatengeneza Ufunguo Mpya

Unafungua barua pepe iliyofumbwa, programu inakugomea: haina ufunguo wako wa siri. Wengi hapo hukimbilia kutengeneza jozi mpya ya funguo. Subiri kwanza. Ufunguo mpya haufungui hata barua moja ya zamani, na wanaokuandikia wataanza kuulizana watumie upi.

Mara nyingi ufunguo upo, ila unatafutwa pasipo penyewe. Chukua Thunderbird. Zamani watumiaji wake walitegemea kiongezo cha Enigmail, kilichochota funguo kwenye ghala la programu ya ufumbaji ya GnuPG. Mwaka 2020 toleo la 78 likaja na ghala lake lenyewe. Ufunguo unaoutengeneza leo kwa GnuPG, Thunderbird haina habari nao, mpaka uutoe kwa gpg --export-secret-keys ukauingize huko.

GnuPG nayo ilihama. Awali funguo za siri zilikaa zote kwenye faili moja, secring.gpg; tangu toleo la 2.1 la mwaka 2014, kila ufunguo una faili lake ndani ya folda private-keys-v1.d. Hapa ndipo wanaobadilisha kompyuta wanapoumia: wananakili pubring.kbx wakidhani wamebeba kila kitu, kumbe humo mna funguo za umma tu.

Basi andika gpg -K. Usipoona kitu, jiulize uliutengeneza ukiwa nani. Aliyetumia sudo huenda ameuacha kwa root. Ukiona sec#, ufunguo mkuu haupo hapo. Sec> maana yake uko kwenye kadi, ichomeke. Ila kwa kusoma barua, alama ya kuogopa ni # iliyobandikwa kwenye ssb, yaani ufunguo mdogo, kwani huo ndio kwa kawaida unaofungua barua. Kisha ipitishe barua yenyewe kwenye gpg --list-packets, uone ilifungwa kwa ufunguo gani. Pengine rafiki yako bado anatumia ule ulioacha kuutumia miaka mitatu iliyopita.

Ukiukosa hata kwenye flashi na diski za zamani, barua zile ndiyo basi. Waliounda programu hawana nakala yako. Kilichobaki ni kuubatilisha. Cheti cha kazi hiyo hukaa kwenye folda openpgp-revocs.d ya kompyuta ulikouzalisha ufunguo. Kabla ya kukiingiza, futa nukta pacha iliyotangulia vistari vya mwanzo, la sivyo GnuPG haitakipokea.