Mafuta ndani ya damu: namna gani jimbo moja la Ulaya lilibadilisha chungu chake

Mutu anaweza kuwa mwembamba, mwenye kazi ya nguvu, na bado damu yake iko na kolesteroli mingi. Haiumi, haileti homa. Wengine wanaijua tu siku mushipa wa moyo unapoziba.

Ndivyo ilivyokuwa Ufini, inchi ya baridi huko kaskazini mwa Ulaya. Karibu na mwaka 1970, wanaume wake walikuwa wanakufa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kupita wa inchi zingine. Jimbo la Karelia ya Kaskazini, la wakata miti na wafugaji, ndilo liliumia zaidi. Mwaka 1971 wakaaji wakaandikia serikali kuomba musaada. Mwaka 1972 munganga kijana, Pekka Puska, akapewa kuongoza mupango.

Walipopima damu, wastani wa kolesteroli kwa wanaume ulikuwa karibu 6.9, wakati kipimo kinachoombwa ni chini ya 5. Na huo si wastani wa wagonjwa, ni wa wanaume wote wa makamo! Chanzo kilikuwa mezani: siagi kwenye mukate, maziwa yenye mafuta yote, nyama ya mafuta, hata kahawa iliyochemshwa bila kuchujwa, maana nayo inapandisha kolesteroli.

Hawakugawa dawa kwa kila mutu. Vyama vya wamama vilipika mboga pamoja na nyama, mafuta ya mbegu yakachukua nafasi ya siagi, vijiji vikashindana kushusha kolesteroli, na wafugaji wengine wakahamia kilimo cha matunda madogo ya kwao. Tumbaku na tansiyo pia vilipiganwa. Kufikia 2012 wastani ulikuwa umeshuka karibu 5.5, na vifo vya moyo kwa wanaume wenye umri wa kazi vilikuwa vimepungua zaidi ya 80 kwa 100. Lakini kati ya 2007 na 2012 kolesteroli ilipanda tena kidogo, wakati siagi ilirudi kupendwa.

Na sisi? Kwa hesabu ya OMS ya mwaka 2008, watu wazima wenye kolesteroli ya juu walikuwa 54 kwa 100 Ulaya, na karibu 23 kwa 100 Afrika. Tusifurahi haraka. Kwetu Afrika kasoro inayoonekana sana ni ingine: HDL, ile kolesteroli nzuri inayosafisha mishipa, iko chini. Ile mbaya inaitwa LDL.

Watu wanatuuliza sana juu ya mawese. Karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayopandisha LDL. Kwa siagi inafika karibu theluthi mbili. Kijiko katika sombe si sawa na kukaangia kila kitu kila siku.

Ukienda labo, usiombe namba moja ya kolesteroli tu. Uliza LDL, HDL na triglisiridi, kila moja peke yake.